Walioniita Mama Mavi ya Chuma

Taya lilirudi likiwa vipande viwili. Lilikuja kwenye Noah ya abiria kutoka Makongolosi, limeviringishwa gunia la mahindi, na mwenye mali alilipishwa nauli yake kama ya mtu mzima. Akaliweka chini mlangoni pa karakana yetu pale Iyunga, Mbeya, akafunua gunia, akanyooka na kujishika kiuno. "Dada, nimelitumia siku nne," akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Taya lile nilikuwa nimemuuzia kwa maneno mengi. Wachimbaji wa Chunya wanajua wenyewe: mwamba wa dhahabu hupita kwanza kwenye kresha, mashine yenye mataya mawili yanayotafuna jiwe mpaka liwe kokoto, ndipo uende kwenye karasha kusagwa unga. Kwarzi, jiwe gumu linalobeba dhahabu, haina huruma. Taya la chuma cha kawaida huisha kama sabuni. La kwetu lilikuwa la chuma cha manganisi, asilimia 12 hadi 14 ya manganisi na kaboni kama 1.2, mchanganyiko uliovumbuliwa na Robert Hadfield kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1882. Ajabu yake ni kwamba kikitoka kiwandani wala si kigumu sana. Kinapigwa na mawe ndipo uso wake unakaza, huku ndani kikibaki kinyumbufu kisipasuke. Watoto waliolelewa kwa kiboko watanielewa, au watabisha.

Siku ya kulinunua, mteja alikuja na sumaku ya spika mfukoni. Akaigusisha kwenye taya, ikateleza, ikaanguka. "Hiki si chuma," akasema, na noti zikaanza kurudi zilikotoka. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba chuma cha manganisi kikipozwa sawasawa hakishiki sumaku, na kwamba kingeshika ndipo angepaswa kukimbia. Alilipa shingo upande. Sasa alikuwa amerudi na vipande viwili, na sumaku ile ile. Akaigusisha taratibu mbele yangu, pale pale palipovunjika. Ikaanguka. Sumaku ilinitetea, lakini taya lilikuwa limekufa.

Nilichuchumaa nikamulika kwa tochi ya simu. Chuma kizuri kikivunjika kwa nguvu, uso wake huwa wa kijivu, una nyuzinyuzi, kama muwa uliokunjwa mpaka ukakatika. Huu ulimetameta. Punje kwa punje, kama chumvi ya mawe, nyingine kubwa kama punje ya mtama. Ufa haukukata punje. Ulipita katikati yao, ukizunguka kila moja. Ni sawa na ukuta wa matofali mazuri ya kuchoma uliojengwa kwa tope: ukisukumwa, matofali yanabaki mazima, ukuta unalala.

Mzee wetu wa tanuri alisimama nyuma yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kila kitu kikiharibika yeye huanza na maji. "Maji yalikuwa ya moto, mwanangu?" Swali lake lilikuwa la haki. Chuma cha manganisi kikishamiminwa na kupoa hakifai bado. Lazima kipashwe hadi nyuzi kama 1,050 kisha kitumbukizwe kwenye maji mengi ya baridi kabla hakijapata muda wa kufikiri. Ukichelewa, au pipa likiwa limeshachemka kwa vipande vilivyotangulia, kaboni hujikusanya mipakani mwa punje na kitu kinakuwa kama kioo. Tulikuwa na fimbo ya majaribio ya myeyuko ule ule. Tukaipasha upya, tukaizamisha kwenye maji mapya kabisa, tukaiweka kwenye jiwe na kuipiga nyundo. Ikakatika kwa pigo la pili, inametameta vile vile. Basi kosa halikuwa la maji. Lilikuwa ndani ya chuma tangu kikiwa uji.

Hapo inabidi nieleze tulikuwa tunafanya nini, maana jina la utafiti wangu lilikuwa refu kuliko karakana yenyewe. Chuo kilinituma nikaangalie kama inawezekana kupata chuma safi cha manganisi kutokana na vyuma chakavu vya mitaani. Karakana ilikuwa na tanuri moja la umeme, la koili, lenye kubeba kilo 300. Matanuri mengi ya aina hiyo hupigwa ndani kwa mchanga wa silika, na hayo kwa kweli hayasafishi chochote. Yanayeyusha tu. Ukipanda bangi huwezi kuvuna mchicha. La kwetu lilipigwa magnesaiti, jiwe jingine linalostahimili moto, kwa sababu manganisi huila silika, na chokaa vilevile huila. Magnesaiti ikakupa ruhusa ya kuweka chokaa juu ya chuma kilichoyeyuka, na chokaa ndiyo inayobeba uchafu.

Uchafu wenyewe ulikuwa fosforasi. Ndiyo inayolegeza mipaka ya punje. Huwa ya mwisho kuganda, inasukumwa pembeni, inabaki pale kama utando. Kwenye chuma cha manganisi mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida ni asilimia 0.07. Kwa kilo 300 hizo ni gramu 210. Ukisikia hivyo unaona ni nyingi, mpaka upige hesabu ya feromanganisi, mchanganyiko wa chuma na manganisi unaotiwa kwenye myeyuko. Ili upate asilimia 13 ya manganisi unahitaji kama kilo 51 za feromanganisi ya kaboni nyingi, na magunia yetu yaliandikwa kuwa na fosforasi asilimia 0.3. Gramu 153 zimeshaliwa. Zinabaki 57, uzito wa yai moja la kuku wa kisasa, zigawane kilo 249 za springi za malori, makopo ya injini, jembe bovu na kila kitu ambacho watoto wa Mwanjelwa wameokota wiki ile.

Na hapo ndipo penye mtego. Fosforasi huwezi kuitoa baada ya kuweka manganisi. Ili itoke inahitaji oksijeni, na oksijeni ukiileta manganisi huungua kwanza, pesa zinapanda na moshi. Kwa hiyo unasafisha chakavu peke yake, mwanzoni, kisha unaongeza manganisi na kukubali ilichokuja nacho.

Tulifanya hivi. Chuma kikishayeyuka, kabla hakijapata moto mwingi, tunamwaga juu yake chokaa na magamba ya chuma, yale magome meusi yanayodondoka chini ya nyundo ya mhunzi. Nilikuwa nayafagia kwa wahunzi wa mjini, na mwanzoni waliniona nimechanganyikiwa: msichana mwenye digrii anaomba takataka. Magamba yana oksijeni, oksijeni inaishika fosforasi, chokaa inaipokea. Uchafu unaelea juu mweusi, unatokota, unanata. Unaukwangua kwa kijiko kirefu cha chuma mpaka uso wa myeyuko ubaki mtupu kama kioo. Kisha unaweka chokaa nyingine mpya na kubadili hali nzima: safari hii unataka oksijeni iondoke, unaweka alumini na ferosilikoni (chuma kilichochanganywa na silikoni), moto unapanda, na salfa nayo inatoka. Salfa na fosforasi ni wake wenza. Moja inataka oksijeni nyingi na moto wa wastani, nyingine inataka oksijeni kidogo na moto mkali. Huwezi kuwaandalia meza moja.

Kiswahili kinaita uchafu huo mavi ya chuma, na mimi nilikuwa sikai mbali nao. Kila myeyuko nilichota kidogo, nikauacha upoe, nikauvunja, nikaandika rangi yake kwenye daftari, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye namba. Mweusi unaong'aa kama lami maana yake oksijeni bado ni nyingi. Wa kijani, kama maji ya mchicha, manganisi yako inakimbilia kwenye uchafu. Niliopenda ni mweupe. Unauweka koponi jioni ukiwa kipande kigumu kama kigae, asubuhi unakuta umejisaga wenyewe, unga laini wa kijivu kama wa kupaka uso, bila mtu kuugusa. Fuwele zake hubadilika umbo zikipoa, zinatanuka, kipande kinajipasua chenyewe. Vijana wa karakana walikuwa wanaita watu waje kuona uchawi. Wakanipa jina: Mama Mavi ya Chuma. Mpaka leo kuna watu Iyunga hawajui jina langu halisi.

Basi Mama Mavi ya Chuma akafungua daftari kutafuta usiku wa taya lile. Nikauona mwandiko wangu mwenyewe: "Umeme umekatika mara 2. Uchafu wa kwanza umetolewa (karibu wote)."

Karibu wote. Niliukumbuka usiku huo vizuri. Umeme ulikatika tukiwa katikati, ukarudi, ukakatika tena, na kila mtu anayefanya kazi na tanuri la koili anajua ile hofu ya chuma kugandia ndani na kulibana kama simenti kwenye ndoo. Uliporudi mara ya tatu tulikuwa na haraka. Nilikwangua mara tatu badala ya kumi. Palibaki kama sahani mbili za uchafu mweusi zimeshikilia ukingo wa tanuri, nami nikasema chokaa mpya itaufunika. Nikatia alumini.

Sikujua kwa mkono kile nilichokuwa nakijua kwa kalamu. Fosforasi iliyotoka haijaenda popote. Imekaa juu, inchi mbili kutoka ilikokuwa, na kinachoishikilia pale ni oksijeni. Alumini inapenda oksijeni kuliko kitu chochote mle ndani. Inaipora, na fosforasi ikinyang'anywa mwenyeji wake inarudi kwenye chuma. Yote iliyokuwa kwenye uchafu uliobaki, gramu kwa gramu. Nilikuwa nimeitoa kwa saa nzima na kuirudisha kwa dakika tano. Tena nilipomimina nilikuwa bado na hofu ya kugandisha, nikamimina kukiwa na moto kupita kiasi; chuma cha manganisi kinataka kumiminwa chini ya nyuzi 1,470 hivi, sisi tulikuwa juu sana, ndiyo maana punje zilikua kubwa kama mtama. Punje kubwa, mipaka michache, utando mnene.

Sampuli ilisafiri kwa basi la usiku kwenda Dar es Salaam kwenye spektromita, mashine inayopima kilichomo ndani ya chuma, maana kwetu haikuwepo. Majibu yalichukua siku tisa. Fosforasi asilimia 0.09, wakati mwisho ni 0.07.

Nilimrudishia mchimbaji pesa yake yote na nikamwahidi taya jingine. Alichukua pesa. Kuhusu taya jingine alicheka.

Nafarijika kidogo nikikumbuka kwamba kosa hili lina wakubwa. Henry Bessemer alipotangaza mwaka 1856 njia yake ya kupuliza hewa kwenye chuma kilichoyeyuka, watu wenye viwanda walikimbilia kununua haki ya kuitumia. Wakarudi wamekasirika: chuma chao kilikatika kama biskuti. Yeye alikuwa amejaribu kwa chuma chenye fosforasi kidogo kwa bahati tu, wao walikuwa na madini ya kawaida, na tanuri lake lililojengwa kwa matofali ya silika halikuwa na pa kuiweka fosforasi. Tatizo likakaa miaka zaidi ya ishirini. Aliyelimaliza hakuwa hata mtu wa viwanda. Sidney Gilchrist Thomas alikuwa karani wa mahakama ya polisi London, akisoma kemia jioni baada ya kazi. Yeye na binamu yake Percy Gilchrist, aliyekuwa mkemia kwenye kiwanda cha chuma huko Wales, walibadilisha ukuta wa tanuri ukawa wa asili ya chokaa badala ya silika. Ukuta, pamoja na chokaa waliyotia ndani yake. Thomas alikufa mwaka 1885 akiwa na miaka 34. Na uchafu uliotoka kwenye matanuri hayo, ukiwa umejaa fosforasi, ulisagwa ukauzwa kwa wakulima kama mbolea. Nilipomsimulia mama yangu mdogo hilo, yeye analima mahindi Mbozi, alinitazama muda mrefu. "Yaani mimi nauza mbuzi ninunue fosforasi ya mfuko, wewe unaikwangua unaitupa?" Sikuwa na jibu zuri.

Baada ya taya lile nikawa mkali. Uchafu wa kwanza nautoa wote, hata kama umeme unacheza. Na kwa kuwa nilishaumwa na nyoka, nikaongeza chokaa: tulikuwa tunaweka kilo nne, nikapandisha hadi tisa. Majibu ya Dar yakarudi mazuri, fosforasi 0.06. Nikafurahi wiki moja.

Halafu mataya yakaanza kutoka na matundu.

Kwa nje yalikuwa safi. Ukiyakata, au ukisaga uso kidogo kwa grainda, unakuta vitundu vya mviringo, vinang'aa ndani, vimejipanga chini ya ngozi. Kitumbua kamili. Gesi. Kitabuni gesi ya kwanza ya kushuku ni oksijeni, na dawa ya oksijeni ni alumini. Nikaongeza alumini. Matundu yakabaki. Nikaongeza tena. Yakabaki, na sasa chuma kikawa kizito kumiminika. Nilikuwa nampa mgonjwa wa taifodi dawa ya malaria, na kila asipopona namzidishia dozi.

Ilikuwa Februari. Watu wa Mbeya mnajua Februari ya kwetu: nguo haikauki, Loleza haionekani mpaka saa nne, mkaa unalia ukiwashwa. Mzee alikuwa anakausha kila kitu. Ndoo ya kumiminia aliipasha kwa moto wa kuni mpaka ikawa nyekundu ndani, kijiko hakikuingia kwenye tanuri bila kuwekwa jikoni kwanza, na chakavu kilikaa kwenye bati juu ya moto kabla ya kutumbukizwa. Hilo la chakavu alikuwa halitanii. Tone la maji likinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke wenye ukubwa zaidi ya mara elfu moja na mia sita ya maji yenyewe, na haliombi njia. Mwaka mmoja kabla sijafika, kijana alitupia shokapu ambayo haikutobolewa. Tundu lake bado lipo kwenye bati la paa. Mvua ikinyesha tunalikwepa. Kijana alipona, na sasa anauza simu.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kikavu. Nilizunguka karakana na daftari nikiandika kila kinachogusa chuma: kikavu, kikavu, kikavu. Nikafika kwenye chokaa. Magunia yaliegemea ukuta, yalinunuliwa Songwe kabla ya Krismasi, ya kuchomwa, chokaa hai, yaani ambayo haijazimwa kwa maji. Unga mweupe, mkavu kabisa. Ukiuchota unapeperuka, unakufanya upige chafya. Nikaandika: kavu.

Kalamu ilikwama hapo. Unga? Chokaa hai tuliyoipokea Desemba ilikuwa mabonge. Nilikumbuka kuyapasua kwa nyundo.

Nilipima kilo moja kwa mizani ya kuazima kwa muuza dagaa, nikaitia kwenye sinia la chuma, nikaiweka kwenye tanuri la kupashia mataya mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha humo saa mbili. Nilipoitoa na kuipima ilikuwa gramu 810. Kitu kikavu kilichonifanya nipige chafya kilikuwa kimebeba karibu theluthi mbili za glasi ya maji. Chokaa hai haihitaji mtu kuizima. Ikikaa kwenye hewa ya Februari inajizima yenyewe, inakunywa ukungu, inajipasua kuwa unga, na maji yanaingia ndani yake hadi hayaonekani wala hayashikiki. Chokaa iliyozimika kabisa karibu robo ya uzito wake ni maji. Sehemu ya gramu zangu 190 ilikuwa hewa ya ukaa, lakini nyingi zilikuwa maji.

Usiku ule nikapiga hesabu kwenye kibao cha mbao kwa chaki. Chokaa kilo tisa, tuseme kilo moja na nusu ya maji. Sehemu moja ya tisa ya maji ni hidrojeni: kama gramu 167. Chuma kilichoyeyuka karibu na nyuzi 1,600 kinaweza kubeba hidrojeni sehemu kama 25 tu katika milioni, kwa kilo 300 ni gramu saba na nusu. Kikiganda hakiwezi kushika hata nusu ya hiyo. Hata kama tisa ya kumi ya hidrojeni yangu ilipanda juu kama moshi, iliyobaki ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kinachoweza kubebeka. Chuma kikaganda, gesi ikatafuta pa kutokea, ngozi ilikuwa imeshafunga. Kitumbua. Na alumini niliyokuwa naongeza haina habari na hidrojeni hata kidogo.

Kilichoniuma ni kwamba mtiririko mzima ulikuwa wa mkono wangu. Kuogopa fosforasi ndiko kulikonifanya nizidishe chokaa zaidi ya mara mbili. Na chokaa niliyoizidisha ndiyo iliyoleta maji.

Mzee nilimwonyesha sinia kabla na baada. Aliliinua, akalirudisha, akaliinua tena. Miaka thelathini kwenye matanuri, alikausha kila kitu isipokuwa kile kilichoonekana kikavu. "Sasa hii nani angejua?" akasema. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Yeye ni Mfipa wa Nkasi, na babu wa babu yake alikuwa kwenye kazi ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya Ufipa yaliyozidi kimo cha mtu na kuvuta upepo yenyewe bila mivukuto. Nilijua habari za malungu. Sikujua kwamba chuma kilichotoka humo hakikupelekwa moja kwa moja kwa mhunzi. Kilikuwa bonge chafu, limechanganyika na mkaa na mavi yake, na kilikwenda kwanza kwenye tanuri dogo, kintengwe, lenye mivukuto, kupashwa tena na kusafishwa. "Matanuri mawili," akasema, akinyoosha vidole viwili. "La kwanza la kupata, la pili la kutakasa. Wewe unataka kufanya yote kwa moja na umeme unakatika." Akaongeza, akicheka, kwamba enzi hizo mwanamke asingesogea hata kwenye kivuli cha ilungu, kwa hiyo angalau upande huo tumeendelea.

Nilichukua vile vidole viwili kwa uzito kuliko alivyokusudia. Tanuri la pili hatukuwa na pesa ya kulinunua, lakini tukaigawa kazi siku mbili. Siku ya kwanza tunayeyusha chakavu, tunatoa fosforasi, tunakwangua mpaka uso utakate, tunamimina vipande kama mikate ya sabuni na kuviacha vipoe. Uchafu wa kwanza unabaki siku ya kwanza. Hauna njia ya kurudi hata umeme ukatike mara kumi. Siku ya pili tunayeyusha mikate hiyo, tukiwa na muda, na kupima moto bila papara. Umeme unaoliwa ni mwingi zaidi, mhasibu alinuna, na sina hakika kama kiwanda kikubwa kingekubali. Ila pia tulipata faida ambayo sikuipanga: mikate ile tungeweza kuivunja na kuitazama kabla hatujapoteza manganisi juu yake. Mkate uliojaa shaba, kwa mfano. Watu huleta mota zikiwa na nyaya zake ndani, na shaba ikishaingia kwenye chuma haitoki. Haiungui kabla ya chuma, chokaa haiitaki. Unautenga tu.

Watu hapa mtaani wakisikia nafanya kazi ya chuma huuliza swali moja: Liganga lini? Huwa najibu kuhusu mavi. Madini ya chuma ya Liganga kule Ludewa yana titani na vanadi ndani yake, na titani ikizidi kwenye tanuri kubwa la kawaida uchafu unakuwa mzito kama ugali wa msibani, hautiririki. Atakayeyeyusha pale atashughulika zaidi na uchafu kuliko na chuma. Wengi huondoka kabla sijamaliza.

Chokaa sasa tunainunua kidogo kidogo, mabonge tu, na kila asubuhi ya kazi tunaipasha nyekundu na kuitia ikiwa bado ya moto. Iliyobaki inakaa kwenye pipa la bati lenye mfuniko.

Mchimbaji wa Makongolosi alirudi mwezi wa Agosti. Alisema alikuwa anapita tu. Akachagua taya, akatoa sumaku, ikaanguka, akaokota. Akaomba nyundo, akalipiga taya mara nyingi kwa nguvu zake zote, pale pale, akapapasa alama. Akalipia nusu. Nusu nyingine alisema atatuma likimaliza mwezi. Lilipomaliza mwezi hakutuma. Alituma likimaliza miezi mitatu, na akaagiza mengine mawili.

Mzee alistaafu mwaka uliofuata akarudi Nkasi. Miezi kadhaa baadaye dereva wa basi la Sumbawanga aliniletea kifurushi kilichofungwa kwa kamba za katani. Ndani palikuwa na bonge jeusi la mavi ya chuma, la kale, lililookotwa shambani palipokuwa na ilungu. Lina mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda, na ukiliinua linakushtua kwa uzito, maana malungu yaliacha chuma kingi kwenye uchafu. Nililigusisha sumaku. Ilishika kidogo, kwa upande mmoja. Nikaliandika namba, lakini halikuingia kwenye kopo lolote, kwa hiyo limekaa juu ya pipa la chokaa, limekandamiza mfuniko.